Figo ya Nyiramana

Nilishasema sitaki kuandika. Mkono wangu umezoea mwiko, si kalamu, na herufi zangu zinachechemea kama kuku aliyevunjika mguu. Lakini mmeniganda kama kupe: bibi, tuandikie habari za Gasana. Haya, chukueni. Asiyetaka asisome.

Gasana alikuwa fundi wa gereji kule Gikondo, mtu aliyeelewana na injini kuliko watu. Figo zake zilipokufa, alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka akabaki ngozi na macho. Dada yake mkubwa, Nyiramana, muuza vitenge wa Kabeza, akajitolea figo yake moja akampa. Ni jambo kubwa, sibishi. Ila alimpa figo bila kuiachia.

Daktari alimwambia Gasana waziwazi: dawa za kuzuia mwili usiikatae figo utazimeza maisha yako yote, nazo zinaleta njaa na kupandisha sukari. Kula kwa kiasi, tembea, soda usiguse. Sukari ikikushika, itaitafuna hiyo figo polepole kama mchwa.

Njaa ikaja kweli. Mashavu yakajaa, tumbo likawa linatangulia mlangoni. Kila Jumapili baada ya misa Nyiramana akawa anamwita nyumbani kwake Kabeza na kumkalisha mbele ya wageni.

"Mnamwona? Hiyo ni figo yangu inanenepa!"

Wageni wanapiga makofi. Sahani inajazwa ndizi, chipsi na nyama. Kisha Fanta. Nyiramana anaifungua, anaionja kwanza, kama desturi yetu inavyotaka, mgeni ajue haina sumu, ndipo anampa. Kinywaji kilichoonjwa na mwenye nyumba hakikataliwi. Ukikikataa umemwita mchawi.

"Dada, wamenipima. Sukari imepanda."

"Sukari? Wenye sukari wanakonda, wewe umenona kama fahali! Kunywa. Mimi nimepasuliwa ubavu kwa ajili yako, wewe unashindwa kumeza soda?"

Akanywa.

Kuna wakati alijaribu. Aliacha kupanda pikipiki, akawa anakipanda kilima cha Gikondo kwa miguu, anakula maharage na mboga. Sukari ikashuka, nesi akamsifu. Lakini suruali ikaanza kumpwaya, na suruali ndiyo iliyomponza. Nyiramana aliiona mbele ya wanakwaya wenzake, akaangua kilio.

"Anaitupa figo yangu! Kweli fadhila ya punda ni mashuzi!"

Wanakwaya wakamtazama Gasana kama mwizi wa sadaka. Jumapili iliyofuata akala sahani mbili, na Fanta akaimaliza.

Miaka ikaenda. Kidole cha mguu kikapata kidonda, kidonda kikagoma kupona, kidole kikakatwa. Mkojo ukawa povu tupu, uso ukavimba. Daktari hakuzungusha maneno: sukari imeimaliza figo, unarudi kwenye mashine.

Nyiramana akaenda kumwona hospitalini, na kikapu chake mkononi. Hakumpa hata pole.

"Nilikuwa na mbili, nikakupa moja. Umeifanya nini?"

"Tumeila, dada. Mimi na wewe, Jumapili kwa Jumapili."

Nyiramana akafyonya. Akatoa Fanta kikapuni, akaifungua kwa meno, akaionja, akamnyooshea. Wagonjwa wote wakageuza shingo.

"Sinywi," akasema Gasana.

"Umesemaje?"

"Sinywi, dada."

Neno dogo namna hiyo! Alilibeba kooni miaka yote, akalitema siku ambayo halikuwa na cha kuokoa tena. Nyiramana aliinywa ile soda mwenyewe, amesimama pale pale, akimkodolea macho mpaka chupa ikaisha. Naye ana figo moja tu. Akaondoka na chupa yake, na hakurudi tena mpaka siku ya maziko.

Basi, nimeandika. Sasa zamu yako wewe uliyenisumbua. Ukienda kumwona mgonjwa, soda iache dukani. Mgeni akikwambia sinywi, funga domo lako umletee maji. Na kesho asubuhi, kabla hujala kitu, nenda ukapimwe sukari, kisha uje uniambie imesomaje. Uje kwa miguu yako. Usinitumie salamu.