Safari ya Kilwa Tuliyoipangia Julai

Moshi wa kiwanda cha shaba ulikereketa koo na kukausha majani ya mihogo, na kila upepo ulipougeuzia mtaa wetu mjini Likasi, mama alifunga madirisha yote. Humo ndani baba alitandaza ramani mezani, tukapanga safari ya pwani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba, fundi wa mitambo kiwandani, alikuwa Myeke. Mababu zake walitoka upande wa Tabora wakifuata shaba, na shaba yao ilibebwa mabegani mpaka Bagamoyo. Alitaka tuipite njia hiyo kwa gari letu, Pijo nyeupe: tuvuke Zambia, tushuke Mbeya na Iringa, tuione Bagamoyo, kisha magofu ya Kilwa. Majira aliyapima kwa makini. Masika huisha Mei, Juni barabara hukauka, shule hufungwa mwanzoni mwa Julai. Katikati ya mwezi huo mto Rufiji huvukika bila taabu, na kabla ya Septemba tungekuwa nyumbani. Mama alishona turubai la kulalia njiani, akicheka kuliko sisi sote, kwa maana bahari pekee aliyoijua ilikuwa ziwa Tshangalele. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai. Yeye alizaliwa Likasi.

Mipango si matumizi. Baba alinyimwa likizo, safari ikasogezwa mwaka mmoja. Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, wanasiasa wakaanza kuhubiri kwamba Wakasai warudi kwao. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwasaka, na jirani yetu, ambaye mama alimzalisha mara mbili, akawaonyesha mlango wetu kwa kidole. Mla nawe hafi nawe. Siku hiyohiyo akaja kaka yake baba.

“Batoto ni ba kwetu,” alimwambia baba, kisha akamtazama mama. “Bibi aende kwabo.”

“Kwetu ni wapi?” mama aliuliza. “Miye nilizaliwa hapa.”

Mgeni alipoondoka, mama alimgeukia baba. “Tuende siye bote na motokari, njia ile ulipanga.”

Baba alitazama sakafu. “Nikiacha kazi, batoto batakula nini?”

Nilisimama mlangoni nikingoja aseme neno jingine.

Asubuhi baba alimpeleka mama stesheni kwa Pijo ileile, pamoja na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Wakasai wasiohesabika walikuwa wamelala pale, wakingoja treni kwa majuma. Mama alitandaza lile turubai kando ya reli. Nilimpelekea chakula kila siku baada ya shule. Baba alikuja mara mbili. Mdogo wangu aliharisha, akafa palepale. Siku ya tatu baada ya maziko nilimwona mama akisukumwa ndani ya behewa la mizigo, kanga yake imenasa mlangoni. Kisha ilikuja barua moja tu, ya padri wa Mwene-Ditu, huko Kasai: mama amekufa kwa homa, amekwisha kuzikwa. Kazi ambayo baba aliing’ang’ania ilidumu miezi michache. Kiwanda kikasimama, naye akaiuza Pijo.

Leo mabasi ya Kasai huingia Likasi kila siku. Yule jirani amewapangisha Wakasai vyumba vyake, na huwaamkia kwa lugha yao bila haya. Baba anaishi kwangu. Namwogesha, nampikia, namjibu kwa heshima kama mama alivyonifunza. Majuzi aliniuliza kama nimemsamehe.

“Kula kwanza, baba,” nilimwambia. “Chakula kinapoa.”