Mshipi wa Angani Ulipokauka

Watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani, nawaambia ni mchungaji. Wanacheka. Lakini ni kweli: anachunga setilaiti moja kuukuu inayopiga picha za mawingu baharini, na hajawahi kuigusa hata siku moja. Mimi ni fundi cherehani. Nguo nisiyoishika siishoni.

Setilaiti yenyewe huelea ndani ya mshipi wa chembe zenye umeme, zilizonaswa na usumaku wa dunia. Jua likilipuka, mshipi huchafuka, na chembe zinaweza kuua mitambo. Basi juzi jua likalipuka, naye mke wangu akaizima kamera upesi. Na kimbunga nacho kilikuwa kinajikusanya baharini! Mama yake anakaa ufukweni, mbishi wa kutupwa. Redio haiamini, majirani hawaamini, mimi mkwewe ndiyo usiseme. Hahami mpaka bintiye ampigie simu amwambie kimbunga kiko wapi.

Kesho yake mke wangu akanipigia kutoka kazini, sauti juu. "Baba, huwezi kuamini! Mshipi umekauka! Chembe karibu zote zimetoweka!"

"Si ndiyo heri?"

"Tulingoja mafuriko, tumepata jangwa! Naiwasha, nimtafutie mama kimbunga chake."

Akaiwasha. Kimbunga kikaonekana, kiko mbali, hakijachagua njia. Ofisi nzima ikapiga makofi.

Siku iliyofuata jua lilikuwa limetulia tuli, nami nikajua yamekwisha. Thubutu! Ile dhoruba ya jua ilikuwa imemwaga chembe za zamani tu, kisha ikaujaza mshipi upya, na hizi mpya zilikuwa nyingi kuliko za mwanzo, zenye kasi ya ajabu. Zikapenya hadi ndani ya mitambo, umeme ukajikusanya humo kimyakimya, cheche ikaruka. Picha ya mwisho ilifika nusu. Wakaiita setilaiti, wakaiita tena, wapi!

Mke wangu alikuja moja kwa moja dukani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa, macho yamemtoka. "Jua limetulia," akasema. "Limetulia kabisa, baba. Ndipo limeniulia setilaiti."

Nilipandwa na hasira kana kwamba jua ni mtu wa mtaani. Ugomvi gani huo, mtu agombe, aende zake kwao akalale, ndipo nyumba yako iungue? Nikauweka mkasi chini.

Akampigia mama yake, simu ikiwa mezani, nami nikisikia.

"Mama, fungasha."

"Kimbunga kiko wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Hatuoni tena. Kinaweza kuwa popote."

Nikajiandaa kusikia ubishi, maana huyo mama namjua.

"Mwambie mkwe wangu aje na gari," akasema, na sauti ilikuwa imepwaya. "Aje sasa hivi, mwanangu. Naogopa."

Nikaacha suruali ya mteja chini ya sindano, nikatoka mbio.