Leso ya Getini Malukhu

Watu wote wa ule mstari wa nyumba za askari jela kule Jinja, majina yao ninayo kichwani mpaka leo, na ya watoto wao pia. Hapa sitayataja. Ni mume wangu, aliyekuwa askari wa geti la jela, ambaye yalianza kumtoka, tulipokuwa tumeshastaafu tunakaa Mpumudde, pale pale Jinja. Kisha njia nazo zikamtoka. Alikwenda dukani kununua sabuni, akarudishwa na mtu wa boda boda aliyemkuta mtaa mwingine, Mafubira, akiuliza geti la jela liko wapi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Binti yetu, aliyeolewa na Mgisu, mwenyeji wa Mbale, alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, akatuchukua tukakae kwake Malukhu, Mbale. Kule ng'ambo kazi yake ilikuwa panya. Mimi nilidhani ni kuwaua.

"Hapana, Mama. Tunawafundisha njia."

Akachukua beseni la kufulia, akalijaza maji, akazamisha kikombe kilichopinduliwa, akakoroga maziwa ya unga mpaka kikombe kikapotea machoni. Panya anatiwa humo, akasema, anaogelea mpaka apate pale pa kusimama. Aliye mzima anatazama alama zilizobandikwa ukutani, na akirudishwa siku nyingine anakwenda moja kwa moja. Lakini kuna waliofanywa wazaliwe na ugonjwa wa kusahau, kama ule wa wazee. Hao wanazunguka tu, kila siku kama wameingia leo.

"Maziwa mazima ya kuogeshea panya," nikasema. "Na hapa tunakunywa chai rangi."

Akacheka, halafu akaacha. "Baba amekuwa hivyo, Mama. Bora tufunge geti."

Nikakataa. Mzee tangu ujana alitembea kila asubuhi kabla ya chai. Ukimnyima hiyo umemzika akiwa amekaa. Nikamuuliza, hao panya wagonjwa hakuna kinachowasaidia? Akafikiri. Kipo, akasema: ukisimamisha kibendera juu ya kile kikombe, hata mgonjwa anakiona na kukifuata.

Basi tukafunga leso nyekundu kwenye nguzo ya geti. Nilitembea naye siku nyingi, tukigeukia pale kwa fundi baiskeli, namwonyesha ile leso kwa mbali.

"Nyumbani ni wapi, afande?"

"Kwenye nyekundu."

Akaanza kwenda na kurudi peke yake. Nikisikia geti linalia, moyo wangu unashuka mahali pake.

Ukaja mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu. Vijana wanapita na ngoma kwa jamaa zao kuwaalika, na wanawake wa ukoo humfunga kijana vitambaa vyao acheze navyo. Asubuhi moja, mzee akiwa matembezini na mimi niko jikoni nyuma, mpwa wa mkwe wetu aliingia uani na kundi lake, amepakwa unga mwili mzima. Binti yangu hakuwa amejiandaa. Nikasikia wanamtania: "Mke wa mjomba, kitambaa chako umekiachia wazungu?" Watu wakacheka, ngoma zikapigwa zaidi, kisha zikaondoka.

Nilipotoka, nguzo ilikuwa tupu.

"Leso iko wapi?"

Binti yangu akashika mdomo. Alikuwa ameifungua pale pale na kumfunga kijana kiunoni.

Tulikimbia mpaka kwa fundi baiskeli. Akasema mzee amepita na wachezaji, yuko nyuma kabisa, anakaza mwendo. "Nilimsalimia, akaniambia anakwenda nyumbani."

Tulimpata kesho yake, huko juu mlimani, kijijini kwa yule kijana. Amekaa chini mbele ya nyumba, leso imeanikwa kwenye kamba juu ya kichwa chake. Nyayo zimechanika, kiatu kimoja hakipo. Wenyeji walimpa chakula na blanketi, lakini kuingia ndani alikataa, eti anangoja mkewe afungue. Aliponiona alisema, "Umechelewa, mama watoto."

Siku ile ile binti alinunua kufuli. Safari hii sikubisha.

Toka hapo, kila asubuhi mzee alivaa kofia yake, akaenda getini, akalivuta lile kufuli kuona kama limeshika. Likiwa limeshika, aliridhika, akarudi kuketi karibu nami.

"Zamu yetu inaisha saa ngapi?"

"Bado kidogo, afande."

Akakunja mikono, akangoja.