Dhoruba Njiani Kutoka Stesheni

Ofelia Zamudio, mjane, alikuwa ameendesha teksi mjini Palm Springs miaka mingi, lakini upepo wa jangwani hakuwahi kuuzoea. Alasiri moja aliwachukua stesheni ya treni wazee wawili waliokuja likizo, Harlan na mkewe Verna. Hawajafika hata nusu ya njia ya kwenda hotelini, mchanga ukainuka ukaifunika barabara, hata pua ya gari isionekane.

Ofelia akatoka barabarani polepole, akasimama kando, akazima taa zote.

"Washa taa, mama!" Harlan akafoka. "Unataka tufe?"

"Wenye magari wakiziona watadhani tungali barabarani tunakwenda, mzee. Watatufuata huku watugonge."

"Na wasipoziona?"

Mchanga ulichapa vioo. Mara wakasikia honi, kisha ngurumo ya lori likija nyuma yao. Verna akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akamshika Ofelia bega. Lori likapita karibu mno, teksi nzima ikatikisika, kisha ngurumo ikafifia.

Upepo ulipotulia, Ofelia aliwafikisha hotelini. Alishusha mizigo yote, ndipo akaketi ukingoni mwa lami. Kwenye bwawa la kuogelea watu walikuwa wakicheka.

Verna akaketi chini kando yake, na gauni lake jipya la likizo.

"Tulia, mwenzangu," akamwambia. "Hatuna haraka tena."

Harlan akaingia ndani, akarudi na maji ya baridi. Akainama, akampa Ofelia glasi kwa mikono miwili.