Kwa Nini Mariette Alishika Kushoto

Mariette Kavira alikuwa na kichwa kigumu na sauti ya kengele, na vyote viwili alivuka navyo mpaka wa Kasindi mwaka 1964, waasi walipoingia Butembo. Shangazi yake aliyeolewa Bwera, upande wa Uganda, alimpokea vizuri, akampa kisu cha kumenya mihogo. Mariette alimenya siku mbili tatu, akachoka. Kwao alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufundisha watoto wadogo. Hapa aliwaona wakizurura barabarani kati ya malori ya pamba, roho ikamruka. Akawakusanya nyuma ya nyumba ya shangazi, bila mshahara, bila ubao.

Somo la kwanza lilikuwa barabara. Kila mtoto alikuwa lori: anashika usukani wa hewa, ananguruma, anapiga honi kwa mashavu.

"Lori inashika kuume!" Mariette aliimba, maana Butembo kila gari hushika kuume. "Na lori hapana kurudi nyuma!"

Habari zikamfikia chifu. Akasema atakuja kujionea. Akikuta vurugu, darasa linafungwa. Mariette akakosa usingizi. Watoto wale walimlilia akichelewa, walifuta kamasi kwenye sketi yake, naye aliwapenda mno, hata sketi aliifua bila kununa.

Siku yenyewe akawatoa barabarani wamlaki mkubwa huyo. Chifu akaja kwa baiskeli, tai shingoni, ameshika upande wake. Malori nayo yakaja yakinguruma, yameshika upande wao. Lahaula, ulikuwa upande ule ule! Chifu akapiga kengele. Watoto wakapiga honi. Hakuna aliyepisha, mpaka baiskeli ikachagua mtaro. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji huyu, chifu, alipona matopeni.

"Mais chefu, ni weye uko upande mubaya!" Mariette akafoka, mikono kiunoni.

"Mwalimu," chifu alisema akitema tope, "huku kwetu tunashika kushoto."

Mariette akakaa chini palepale. Hakufikiria darasa tena. Aliwafikiria watoto wake, aliowafundisha kukutana na kila lori uso kwa uso, akalia kwa sauti ile ile ya kengele. Lori dogo kuliko yote, Biira, likazima injini, likamfuta machozi kwa pindo la sketi ya Mariette mwenyewe, kamasi na yote.

Chifu akawatazama, hasira ikamtoka. Darasa libaki, akasema, lakini madamu naye awe lori, ashike kushoto pamoja na watoto kila asubuhi mpaka miguu yake ikubali. Watoto walifurahi kupita kiasi. Kila alipopotea upande, walimpigia honi.

Vita vilipotulia Mariette alirudi kwao, nao wakamsindikiza mpaka mpakani kwa kunguruma. Butembo akashuka garini, akaanza kutembea kwenda nyumbani, kifurushi kichwani. Mbele yake lori la Asumani, msafirishaji wa Beni, likafunga breki na kusimama puani pake.

"Madame! Nani alikufundisha kutembea kushoto?"

Mariette alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Ni batoto yangu, papa Asumani," akasema. "Balinifundisha bien, muzuri kabisa."

Kisha akashika usukani wa hewa, akapiga honi kwa mashavu, akahamia kuume.