Wavu Upande wa Ndani

Mtaani kwetu kulikuwa na utani mmoja kuhusu nyumba ya mama mkubwa: ukitaka kujua anapoishi fundi wa ua, tafuta nyumba isiyo na ua. Baba mkubwa, ndiye fundi huyo, aliucheka. "Kinyozi hajinyoi," alijibu, kisha akashika mkoba wake wa plaizi na nyundo, akaenda kuzungushia viwanja vya wengine. Mama mkubwa hakudai. Alianika nguo zake mbele ya macho ya barabara nzima, kuku wa jirani wakapita uwanjani kwake kama kwao, na jioni mume akarudi mikono imechanwa na waya. "Bibie, nimerudi," alisema mlangoni. Hakuwahi kumwita jina jingine tangu waoane.

Mwishowe nyumba ilihitaji ua, na wa kuzuiwa alikuwa fundi mwenyewe.

Akili yake iliondoka kidogo kidogo. Alisahau majina ya watu, kisha siku, kisha njia ya kurudi nyumbani. Kazi tu ndiyo haikumtoka. Kila asubuhi alivaa viatu, akachukua mkoba, akatoka kukagua nyua alizojenga zamani, ambazo nyingi hazipo tena. Safari ya mwisho muuza mikate alimkuta ukingoni mwa barabara kuu, malori yanampita kwa upepo, naye anapima kwa hatua mahali palipokuwa shamba na sasa ni kituo cha mafuta. Alirudishwa ndani ya gari la mikate. Mama mkubwa akampokea kwa uso mkavu, akamwosha miguu, akamlaza. Halafu akaingia jikoni, nami niliyeishi nao nikamsikia anakoroga sufuria isiyokuwa na kitu.

"Akitoka tena nitaletewa maiti," aliniambia. "Niitie Plaizi."

Plaizi alijifunza kazi kwa baba mkubwa, na jina hilo alipewa kwa sababu kila siku alikuwa akiipoteza plaizi ya bosi wake. Siku hizi ni mkandarasi mwenye gari na vibarua. Alikuja mwenyewe, akakataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya mlango kama zamani.

"Mama, ukuta wa matofali ndio dawa," alisema.

"Asipoona nje anachanganyikiwa. Hospitali walimweka chumba kisicho na dirisha, akakwaruza ukuta mpaka kucha zikatoa damu."

"Basi tupande michongoma."

"Michongoma ikue lini, mwanangu? Mimi nazungumzia kesho."

"Mabati je?"

"Atayagonga kutwa. Majirani wamenivumilia vya kutosha."

Ukabaki wavu wa chuma kwenye nguzo za zege. Angeona barabara, angesalimia wapita njia nao wangemsalimia. Mama mkubwa alikubali. Plaizi alichora kitu kwenye vumbi kwa kidole.

"Kuna swali lazima nikuulize," alisema, "na wewe unalijua. Wavu niufunge upande gani?"

Mama mkubwa alilijua, alikuwa amelisikia mezani maisha yake yote ya ndoa. Wavu hufungwa upande anakotoka anayesukuma. Kama unamwogopa mwizi, unaufunga nje ya nguzo, ili akiusukuma ulalie nguzo na usichomoke. Kama unafuga, unaufunga kwa ndani, maana ng'ombe huegemea kutoka ndani. Baba mkubwa alikuwa akijigamba kwamba akiona wavu tu anajua mwenye nyumba anamwogopa nani.

"Ndani," alisema mama mkubwa.

"Naweza kuufunga nje, mama, nikazidisha vifungo. Hata watu wakipita wasi—"

"Ndani. Bado ana nguvu."

Usiku ule hakula, na asubuhi alikuwa na tumaini dogo ambalo aliniambia kwa aibu: pengine mzee akiuona ua kwenye nyumba yake mwenyewe, kitu kitazinduka kichwani.

Baba mkubwa aliziona nguzo zikishushwa, uso wake ukafunguka. Aliamini ameitwa kazini. Alivuta kamba, akawakemea vibarua kwa nguzo iliyoinama, akakaza waya kwa mikono ambayo asubuhi hiyohiyo ilishindwa kufunga vifungo vya shati. Plaizi alimwachia nafasi, akawa anamwitikia, "Ndiyo, bosi." Mama mkubwa alipoleta chai, mumewe alisimama, akaipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante sana, mama," alisema, kwa ile sauti yake ya kuzungumza na wateja.

Mama mkubwa alibaki na sinia mkononi. "Leo nimeheshimiwa," aliniambia jikoni, akajaribu kucheka, ikashindikana.

Mchana baba mkubwa alisimama ghafla. Alipitisha kiganja kwenye wavu, akazunguka nguzo, akarudi.

"Huu umefungwa ndani," alisema. "Hapa wanafuga. Wanafuga nini?"

Vibarua waliinamisha vichwa. Mama mkubwa alikuwa kizingitini.

"Bata, bosi," alisema Plaizi.

"Bata? Na wavu mrefu hivi?" Baba mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Hao bata wamesoma."

Akaendelea na kazi.

Jioni vibarua walipakia vyombo, Plaizi akaaga bila kumtazama mtu usoni. Mama mkubwa alifunga geti, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni ndani ya blauzi. Alipogeuka, baba mkubwa alikuwa nyuma yake, mkoba begani, viatu amekwishavipangusa vumbi.

"Kazi imekwisha, mama. Nifungulie, jua linazama. Nyumbani bibie ananingoja."

Mama mkubwa alimtazama usoni. "Subiri kidogo, fundi," alisema.

Alisubiri. Ni mtu mwenye adabu kwa wateja. Alisimama getini, na ili asikae bure akauegemea wavu kwa bega, akausukuma kwa uzito wake wote. Haukuyumba. Akaridhika.

"Lala usingizi, mama," alimwambia. "Bata wako hawatoki tena."