Kofia ya Korongo na Kichwa Kilichonyolewa

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa Kyebando, kichwa kikinigonga. Muuzaji, dada wa Kikenya, hushona kofia za maigizo ya shule akiwa nyumbani, kwa kupenda tu. Mbele yangu mama mmoja na bintiye walifuata kofia ya korongo, yule ndege wa kwenye bendera yetu, yenye kishungi cha mkonge. Igizo lilikuwa mchana huohuo. Mtoto akaivaa. Ikashuka mpaka puani.

"Mama, ulimpima lini?" muuzaji akauliza.

"Wakati wa likizo. Alikuwa na rasta."

Sote tukatazama kile kichwa. Shule zimefunguliwa, naye amenyolewa kipara kama wenzake.

"Sasa nitaivaaje?" Machozi yalimlengalenga.

Muuzaji akashusha pamba kutoka rafuni, akaijaza ndani ya kofia taratibu. Wagonjwa wote tukangoja, hakuna aliyenung'unika.

"Ongeza nyuma kidogo," alishauri mzee mwenye kikohozi.

Mtoto akaivaa tena, akatikisa kichwa kuijaribu. Kishungi kikacheza, kofia ikatulia. Tukapiga makofi.

Nilifika nyumbani bila dawa, na sikuikumbuka mpaka mke wangu aliponiuliza kichwa kinaendeleaje.